Rangi ya Jani si Ushahidi

Mkulima apitapo shambani mwake asubuhi na mapema, jambo la kwanza alitazamalo ni rangi ya majani. Yakiwa ya kijani kibichi, moyo wake hutulia; yakigeuka manjano, hutafuta mbolea; yakitokea madoa, hutafuta dawa. Elimu hiyo ameirithi kwa wazee wake, nayo imemlisha yeye na watoto wake, wala hakuna mwenye haki ya kuidharau. Lakini iko sumu ambayo elimu hiyo haiwezi kuigundua, kwa kuwa mmea wenyewe hauionyeshi. Mmea hukua, huchanua, huzaa, na mavuno yake huingia ghalani, kisha sokoni, kisha chunguni, pasipo dalili yoyote. Aionyeshaye sumu hiyo ni mlaji, naye huionyesha baada ya miaka ishirini au thelathini, katika figo na mifupa yake.

Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za madini ya sumu yanayoingia katika mazao: jinsi mizizi inavyoyavuta kutoka ardhini, jinsi mmea unavyojilinda nayo, na kwa nini ulinzi huo hautoshi kumlinda binadamu. Jambo hili si la mabwana shamba peke yao. Limekwisha kuwa jambo la mahakama, la fedha na la ardhi, na katika kisa tutakachokisimulia waliolipa kwanza walikuwa watu wa jembe, waliokuwa hawana hisa hata moja katika mgodi uliowadhuru.

Sumu tutakayoisema zaidi inaitwa kadimi. Ni madini meupe, laini, yenye kufanana mno na zinki, na kwa desturi huwamo pamoja nayo katika jiwe moja. Achimbaye zinki huipata kadimi apende asipende. Siku hizi hutumiwa katika betri na rangi, lakini kwa muda mrefu watu hawakuwa na kazi nayo ya maana, ikatupwa pamoja na takataka za mgodi.

Kisa chenyewe ni cha uwanda wa Toyama, katika pwani ya Japani ielekeayo bara la Asia. Uwanda huo hunyweshwa na mto Jinzu, ushukao kutoka milima ya Gifu, na watu wake kwa karne nyingi wamelima mpunga kwa maji ya mto huo. Juu milimani upo mgodi wa Kamioka. Kampuni ya Mitsui iliingia huko katika miaka ya 1870, na tangu mwanzo wa karne ya 20 ikaanza kutoa zinki kwa wingi. Vita vilipokuja mahitaji yakazidi. Mawe yakasagwa laini kama unga ili madini yapatikane yote, na ule unga uliobaki ukachukuliwa na mto. Wakulima wa bondeni wakafungulia maji majaruba yao kama walivyofanya babu zao, na pamoja na maji wakapokea kadimi.

Tusidhani kwamba wakulima hao walinyamaza. Walilalamika tangu zamani kwamba mpunga ulidumaa pale maji yanapoingilia jarubani, mahali ambapo ule unga wa mawe ulitulia kwa wingi. Hasara hiyo ilionekana kwa macho, kwa hiyo mazungumzo yote yalihusu magunia yaliyopotea. Hakuna aliyeuliza juu ya mpunga uliostawi, ule wa katikati ya jaruba, mrefu, wenye masuke mazito. Nao ndio uliokuwa ukiliwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeanza kuonekana tangu miaka ya 1910. Uliwapata hasa wanawake wa makamo na wazee, waliozaa watoto wengi. Ulianza kwa maumivu ya kiuno na magoti, na mwendo wa kuyumba kama wa bata; mwisho mifupa ililegea ikawa kama mti ulioliwa na mchwa, hata kukohoa kulitosha kuvunja ubavu. Wagonjwa walilia "itai, itai", yaani "inauma, inauma", na kilio hicho ndicho kilichoupa ugonjwa jina lake. Mwaka 1955 jina hilo likachapwa gazetini. Majirani walinong'ona kwamba ni adhabu au ugonjwa wa ukoo, na familia zikaona haya zikawaficha mama zao ndani.

Daktari mmoja wa mashambani, Noboru Hagino, aliyerudi kutoka vitani mwaka 1946 akaishika zahanati ya ukoo wake, ndiye aliyeushikilia ugonjwa huo asiuache. Wakubwa wa elimu walisema ni lishe mbaya na kazi nyingi. Yeye akachora ramani, na ramani ikaonyesha kwamba wagonjwa wote wako pale mashamba yanaponyweshwa na mto Jinzu, wala si penginepo. Akashirikiana na Jun Kobayashi, mkemia wa Chuo Kikuu cha Okayama, na mwaka 1961 ikatangazwa kwamba mhalifu ni kadimi. Walipingwa na kudhihakiwa. Serikali ya Japani ilikubali rasmi tarehe 8 Mei 1968.

Sasa yatupasa kuuliza: mpunga ulikuwaje ukaipokea sumu hii, tena kwa utulivu namna hiyo?

Watu wengi hudhani kwamba mzizi ni kama kitambaa kinachofyonza kila kilichomo katika maji. Sivyo. Mzizi una ngozi, na ngozi hiyo ina milango, na kila mlango una bawabu wake. Mmoja umewekwa kwa ajili ya chuma, mwingine kwa zinki, mwingine kwa manganisi, kwani mmea huvihitaji vitu hivyo kwa kiasi kidogo kama mtu ahitajivyo chumvi. Bawabu hawezi kuonja; humjua mgeni kwa ukubwa wake na kwa chaji ya umeme aliyoibeba. Kadimi inapokuwa imeyeyuka majini huwa na chaji ileile ya zinki na ya manganisi, na ukubwa wake haupishani nayo mno. Basi hupita. Haikuvunja mlango wala haikuingia dirishani. Imeingia kwa mlango wa mbele, na bawabu amesimama palepale.

Mwaka 2012 wataalamu wa Japani walithibitisha ni mlango upi hasa. Katika mpunga ni ule wa manganisi, ambao kwa lugha yao waliuita Nramp5. Mpunga ulioharibiwa mlango huo hauvuti kadimi ila kwa kiasi kidogo kabisa. Tukitaja ya kwamba kazi hiyo ilifanywa katika chuo kikuu kilekile cha Okayama, alikotoka Kobayashi, twataja kwa furaha tu. Nusu karne ilikuwa imepita.

Ikiisha kuingia, kadimi huanza uharibifu. Huviondoa zinki na kalisi katika nafasi zao, ikakaa yenyewe mahali pasipoiwezesha kufanya kazi, na mitambo midogo ya uhai ikasimama. Hapo ndipo mmea huonyesha kwamba haukuumbwa bure. Kila chembe hai ya mmea ina kitu chenye salfa kiitwacho glutathioni. Kadimi ikiingia, chembe huanza kukiunganisha kitu hicho kimoja baada ya kimoja, mpaka ukapatikana mnyororo mfupi wenye salfa nyingi. Na salfa huishika kadimi kama kulabu imshikavyo samaki. Wanasayansi wa Ujerumani, Grill, Winnacker na Zenk, waliieleza minyororo hiyo mwaka 1985. Kadimi iliyofungwa hupelekwa katika ghala iliyo katikati ya chembe, mahali mmea unapoweka maji yake na vitu usivyovitaka, ikafungiwa humo. Katika mpunga, mlinzi wa ghala hiyo alipatikana mwaka 2010; ziko aina za mpunga, na baadhi zatoka Bara Hindi, ambazo mlinzi wake ni mbovu, nazo hupandisha kadimi nyingi kuliko wenzake ijapokuwa zimelimwa katika udongo mmoja.

Ulinzi huu hufanyika zaidi katika mizizi, na ni ulinzi mzuri. Lakini tuangalie unamlinda nani. Mmea huilinda sehemu yake inayofanya kazi ya kukua, nao ukifaulu katika hilo umemaliza shughuli yake. Kadimi isiyofungwa hupanda na maji katika bua, na ifikapo kwenye mafundo huhamishwa katika mishipa ipelekayo chakula, ikafika kwenye punje. Ni kidogo. Kwa mmea ni kidogo sana, hata haubadili rangi.

Hapa pafaa tukae kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari yote. Madini ya sumu hayaendi njia moja, na mtaalamu wa udongo wa Marekani, Rufus Chaney, aliyapanga vizuri kwa kuuliza swali moja: kati ya mmea na mlaji, nani huumia kwanza?

Risasi na zebaki aghalabu hushikwa na udongo na ngozi ya mizizi, zisipande sana hata kwenye punje. Risasi iliyo katika mboga mara nyingi ni vumbi lililotua juu ya majani, ambalo kwa kiasi fulani huweza kuoshwa. Na hatari yake kubwa ni mikono ya watoto wachezao katika udongo huo. Shaba, zinki na nikeli huingia na kupanda, lakini zikizidi mmea huugua kwanza: hugeuka manjano, hudumaa, hufa, na mkulima hawezi kuvuna kitu cha kumdhuru mtu. Huo mpunga uliodumaa kwenye maingilio ya maji kule Toyama ulikuwa katika hali kama hiyo. Ulikuwa ukipiga kelele. Kadimi hupita katikati ya kinga hizo mbili. Haishikwi na udongo kama risasi, wala haiuui mmea mapema kama shaba. Kiasi ambacho mpunga hauna habari nacho, mtu alaye wali kila siku humdhuru.

Ili msomaji apate kuona udogo wa kiasi chenyewe: kikomo kilichokubaliwa na mataifa kwa mchele ni miligramu 0.4 za kadimi katika kilo moja. Maana yake ni kwamba gramu moja tu ya kadimi, ikigawanywa sawasawa, hutosha kuufikisha kwenye kikomo mchele wa tani mbili na nusu. Hakuna jicho, ulimi wala pua iwezayo kuitambua gramu hiyo. Wazee wetu waliosema uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti walikuwa wakisema juu ya watu, lakini hawakukosea juu ya mpunga.

Katika mwili wa binadamu kadimi hukaa figoni, na kuondoka kwake ni kwa taratibu ya kutisha: yahitaji kati ya miaka 10 na 30 ili nusu yake tu itoke. Kwa hiyo kila sahani huongezea iliyotangulia. Figo zikijaa hushindwa kuzuia vitu vinavyojenga mifupa, vikatoka kwa mkojo, na mifupa ikalainika.

Na kwa nini wanawake? Jibu lake lafanana na habari ya mzizi kiasi cha kushangaza. Utumbo wa binadamu nao una milango ya kupokelea chuma kilichomo katika chakula, na mlango mkubwa katika hiyo ni wa ukoo mmoja na ule mlango wa manganisi katika mzizi wa mpunga. Mwanamke aliyezaa mara nyingi, akanyonyesha, akapoteza damu, huwa na upungufu wa chuma. Mwili wake kwa kukihitaji huongeza milango, na kadimi hupata njia pana. Sumu imewadanganya mabawabu wawili kwa hila ileile, wa kwanza jarubani na wa pili tumboni. Na ampataye zaidi ni yule aliyechoka zaidi na kula vibaya zaidi. Wale wakubwa waliosema kwamba ni lishe duni walikuwa wameona sehemu ya kweli, wakaitumia kuficha iliyobaki.

Tarehe 9 Machi 1968 wagonjwa na jamaa zao waliishitaki kampuni. Kampuni ilitaka ithibitishwe hatua kwa hatua jinsi kadimi inavyofanya kazi mwilini, jambo ambalo wakati ule hakuna aliyeweza kulieleza lote. Milango tuliyoisimulia hapo juu ilikuwa haijajulikana. Lau mahakama ingekubali sharti hilo, kesi ingalingoja mpaka wenyewe wamekwisha kufa. Mahakama ikakataa. Ikasema ushahidi wa ramani, wa hesabu za wagonjwa, na wa kadimi iliyopatikana, watosha. Wagonjwa walishinda tarehe 30 Juni 1971, wakiwa wa kwanza kushinda katika zile kesi nne kubwa za uchafuzi nchini Japani, na wakashinda tena katika rufani tarehe 9 Agosti 1972.

Siku ya pili yake walikaa na wakuu wa kampuni wakapata hati tatu: moja ya fidia ya ugonjwa, moja ya ardhi na mazao, na moja ya kuuzuia uchafuzi. Sisi twaiona hati ya tatu kuwa na thamani kuliko zote. Iliwapa wakazi haki ya kuingia mgodini wakati wowote pamoja na wataalamu waliowachagua wenyewe, kupima na kuuliza, na gharama ikalipwa na kampuni. Tangu 1972 ukaguzi mkuu umefanywa kila mwaka, hata baada ya uchimbaji kukoma mwaka 2001, kwa maana mabaki ya mawe yangali pale mlimani. Maji ya Jinzu yamerudi kukaribia hali yake ya asili. Mambo hayo hayakuletwa na hisani ya mtu. Yaliletwa na wakulima walioingia kwa miguu yao wenyewe kukagua mitambo wasiyoisomea, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakaijua.

Ardhi ilikuwa na taabu ya namna yake. Kadimi haiozi, wala haipotei kwa moto wala kwa mvua. Yalikuwa majaruba ya zaidi ya hekta 800 ya kusafishwa, na njia iliyopatikana ilikuwa ya nguvu tu: kuufukia ule udongo wenye sumu na kuleta juu yake udongo safi kutoka milimani. Kazi ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970 ikamalizika mwaka 2012. Sehemu ya gharama iliyolipwa na kampuni haikufika nusu. Iliyobaki ilitoka katika hazina ya umma. Wagonjwa waliotambuliwa rasmi ni takriban 200, na wale waliodhurika figo bila kufikia kuvunjika mifupa walingoja mpaka Desemba 2013 ndipo kampuni ilipokubali kuwapa chochote. Kati ya hukumu ya kwanza na siku hiyo ni miaka 42.

Wakati huo wote wakulima wengine wa Japani waliokuwa na kadimi kidogo mashambani walitafuta njia ya kulima bila ya kuhamisha mlima. Waligundua kwamba maji ni silaha. Jaruba likifunikwa na maji, hewa haifiki udongoni. Salfa iliyomo huishika kadimi, ikawa kitu kisichoyeyuka, na mzizi hauwezi kuivuta. Jaruba likikaushwa mapema, hewa huingia, kadimi hufunguliwa, nayo hupanda wakati uleule punje zinapojaa. Kwa hiyo huacha maji yasimame kwa wiki tatu kabla ya mpunga kutoa masuke na wiki tatu baadaye.

Lakini wapi! Dunia haitoi dawa bila ya kudai malipo. Maji hayohayo yazuiayo kadimi huifungua aseniki, sumu nyingine iliyomo katika udongo mwingi. Aseniki katika jaruba lililofurika huwa na umbo la kufanana na silika, na mpunga ni mmea upendao silika kuliko nafaka nyingine karibu zote, kwani ndiyo iupayo ugumu wa bua na ukali wa jani. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba aseniki huingia kwa milango ya silika. Huko Bangladesh, ambako visima virefu vilivyochimbwa ili kuwaepusha watu na maradhi ya maji machafu vilitoa maji yenye aseniki, mpunga unyweshwao maji hayo huibeba. Basi mwenye kadimi ataongeza maji, mwenye aseniki atapunguza, na mwenye zote mbili atapima kwa makini siku hadi siku.

Njia nyingine ni mbegu. Mwaka 2012 wataalamu wa Japani walitangaza mpunga waliouzalisha kwa kuzipiga mbegu miale ya kaboni, mpaka wakapata mmoja ambao mlango wake wa manganisi haufanyi kazi. Mkoa wa Akita, wenye mashapo ya migodi mingi ya zamani, uliamua kubadilisha mbegu ya mpunga wake mkuu kwa aina ya namna hiyo kuanzia mwaka 2025. Walaji wengine waliingia wasiwasi kwa kusikia neno miale, wasiwasi ambao hatudhani una msingi. Upungufu wa kweli ni mwingine: mlango uliofungwa kwa kadimi umefungwa pia kwa manganisi, na mpunga huo, ukilimwa penye manganisi haba, hushikwa kwa urahisi na ugonjwa wa madoa ya kahawia.

Msomaji wa kwetu ataona pengine kwamba Japani iko mbali na kwamba hapa watu hula ugali. Ajue kwamba majani mapana hukusanya kadimi kuliko punje, na mchicha ni katika mimea inayoikusanya upesi. Katika Dar es Salaam bustani za mchicha, za majani ya maboga na za kunde zimekuwa zikilimwa kwenye kingo za Msimbazi na Sinza, mito inayopokea maji ya viwanda na ya barabara. Mwaka 1999 wakemia Bahemuka na Mubofu walichapa vipimo vyao vya risasi, kadimi, shaba na zinki katika mboga za kingo hizo. Mboga hizo hununuliwa na nani? Na mtu atokaye zamu jioni, kwa kuwa ni rahisi na ziko njiani. Mfanyakazi wa kiwanda kinachomwaga maji mtoni huweza kuzikuta taka za kiwanda hicho katika chakula cha jioni, na mshahara wake ndio ulioinunua.

Wenzetu wasemao Kiswahili kule Katanga wana habari kubwa zaidi. Tanuri la shaba la Lubumbashi liliwashwa mwaka 1911, na moshi wake umeanguka juu ya mashamba kwa vizazi. Katika vilima vya huko kuna mmea mdogo, Haumaniastrum katangense, uliozoea udongo wa shaba kiasi ambacho watafutaji wa madini waliufuata kama alama. Mahindi na mboga hayana uzoevu huo. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walionyesha kwamba watu waishio karibu na migodi na matanuri wana kobalti, kadimi na risasi katika mkojo kuliko walio mbali, na kobalti yao ilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kupata kuandikwa kwa watu wasio wachimbaji.

Iko pia sumu ya udongo ambayo haikuletwa na kiwanda chochote. Alumini imejaa katika udongo wote wa dunia na haimdhuru mtu, ila tindikali ya udongo ikizidi, huyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, zikawa fupi, nene, za rangi ya kahawia. Mahindi ya magharibi ya Kenya yanaijua taabu hiyo. Ngano na mtama ustahimilivu hujibu kwa kumwaga tindikali zao wenyewe kutoka ncha za mizizi, zikaishika alumini nje kabla haijaingia. Ni ulinzi wa kusimama mlangoni badala ya kufungia ghalani. Mbolea ya SA ikitumiwa mfululizo pasipo chokaa huongeza tindikali, na tindikali hiyo, pamoja na kuifungua alumini, huifungua na kadimi iliyokuwa imelala. Hii ndiyo sababu chokaa, ambayo wakulima wengi huiona kuwa gharama isiyoonekana faida yake, hufanya kazi mbili kwa mfuko mmoja.

Mbolea za fosfati zenyewe huweza kuja na kadimi kutoka katika mawe zilikochimbwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo tangu Julai 2022: miligramu 60 za kadimi kwa kila kilo moja ya fosfati iliyomo. Mbolea itakayokataliwa kule itatafuta soko penginepo, na ni juu ya waagizaji na wapimaji wa bandari zetu kuuliza karatasi za vipimo kabla ya kushusha mzigo.

Vyama vya ushirika na matawi ya wafanyakazi walio karibu na migodi, viwanda vya betri na matanuri wanaweza kupeleka udongo na mboga kupimwa; Tanga kipo kituo cha Mlingano, na Nairobi kipo cha Kabete. Lakini kipimo cha kawaida cha udongo hutafuta tindikali na rutuba tu. Kadimi, risasi na aseniki hazitafutwi mpaka zitajwe kwa majina yake, na sampuli iwe ya udongo wa pale maji yanapoingilia pamoja na ule wa katikati ya shamba, palipo na mazao mazuri.